Kiganja Juu ya Boneti

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipowaacha: uani kwa muuza magari, kiganja changu kikiwa juu ya boneti, watu wananisubiri niseme neno moja. Aliyechelewa kujiunga nami simlaumu. Nitamfupishia.

Marehemu baba alikuwa fundi wa magari. Alianguka gereji, ubavuni mwa lori la watu, hakuinuka. Nikaifunga gereji. Mchumba akanichoka, maana nilikuwa sisemi, akaenda zake. Miezi mitatu nililala chali nikihesabu misumari ya dari, silii, sicheki, chakula nakitafuna kama karatasi. Viwili tu vilibaki hai ndani yangu: mashairi, ambayo sikufundishwa na mtu, na kiburi, ambacho nacho sikufundishwa.

Aliyenitoa kitandani ni dada yangu. Yeye ni muuguzi wa zahanati ya mlimani, na hakuna mwingine. Kamati ya zahanati ilikuwa imechangisha mlima mzima, nyumba kwa nyumba, wanunue gari la mtumba la kubebea wagonjwa, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Dada akawaambia wasisumbuke kutafuta mtaalamu, mtoto wa fundi yupo. Kwa kusema hivyo aliweka jina lake rehani. Gari likiwa bovu, kazi yake inakwenda nalo.

Sasa turudi uani.

Yalikuwa magari mawili, kama ndugu wa tumbo moja. Umbo moja, rangi moja, hata mikwaruzo inafanana. Tofauti ilikuwa tumboni: moja la petroli, moja la dizeli.

Dereva wa zahanati, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, alitaka la petroli. Alieleza taratibu. Kule juu asubuhi mtu akiongea mvuke unamtoka mdomoni. Petroli huwaka kwa cheche, unagusa ufunguo inaitika. Dizeli haina cheche, inabana hewa mpaka hewa yenyewe ipate moto, na injini iliyozeeka haina kifua cha kubana hivyo kwenye baridi. Tena petroli ikiugua hata fundi wa pikipiki ataijaribu. Pampu ya dizeli ikiugua, lazima ishuke mjini.

Hakukosea hata neno. Na mimi sikukosea. Nilimwambia mlima ule ni mkali, dizeli huupanda kwa mwendo wa kinyonga bila kulalamika. Tangi moja litakwenda na kurudi mara nyingi kabla ya kukauka. Na pale mtoni, ambapo hakuna daraja, maji yakirukia injini ya petroli yatalowesha nyaya za cheche, gari lizime katikati ya mto na mgonjwa yumo ndani.

Tungekuwa watu wawili wenye akili, tungekaa chini tukapima. Lakini Dereva alitabasamu akasema, "Mshairi, gari haliwashwi kwa vina."

Watu wa uani wakacheka. Damu ikanipanda kichwani, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kupanda mwilini mwangu tangu msiba. Nikapanda juu ya tairi lililolala pale nikamjibu:

Petroli ni ya mjini, mlimani itakwama,
Ikifikishwa mtoni, hukohoa na kuzima,
Dizeli ni ya yakini, huvuta kwa taadhima,
Dereva, nena kwa nini, wataka gari la homa?

Wakapiga makofi. Hata muuza magari alipiga makofi, na yeye ndiye aliyekuwa na sababu kuliko wote. Dereva akainamisha kichwa. Nikashuka, nikaliendea la dizeli mbele ya macho yote, nikaweka kiganja juu ya boneti.

Haya ni mafunzo ya baba. Kabla hujawashiwa gari la dizeli la mtu, gusa boneti. Ikiwa baridi, mwambie awashe, usikilize. Ikiwa na joto, ujue kalipasha kabla hujafika, na kuna anachokuficha. Mshukuru, nenda zako, rudi siku nyingine bila kumwambia saa.

Mimi nilikuwa nimempigia simu jana yake. Nilimwambia tutafika saa tatu kamili, ayapange magari vizuri, maana nilitaka shughuli iwe na heshima.

Boneti ilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, gari lilikuwa kivulini. Ni lile joto linalotoka chini, la injini iliyonguruma muda mrefu na kuzimwa sasa hivi.

"Vipi?" dada akauliza.

Hapo ndipo nilipowaacha. Na hiki hapa ndicho nilichosema.

"Baridi."

Mficha uchi hazai, basi acheni niuvue wote. Sikusema vile kwa kusahau. Nilijua. Lakini ubeti ulikuwa bado unanukia hewani, makofi bado yako masikioni, na nisingeweza kumgeukia Dereva nikamwambia afadhali lile lako. Nikamwambia muuza magari awashe. Likawaka mara moja, tena kwa sauti nzuri.

Fomu ya kamati ilikuwa na mstari unaosema injini imewashwa ikiwa baridi. Nikaujaza kwa mwandiko wangu, ambao ni mzuri. Dada akatia sahihi chini yake.

Wiki tano za mwanzo gari lilifanya kazi. Lilishusha mzee aliyevunjika nyonga, likashusha mtoto wa kifua, likavuka mto maji yakiwa juu ya magurudumu. Dada alinipigia simu kunisifu. Nilipopita sokoni watu wa mlimani walinisalimia kwa jina la Fundi. Sikusikia furaha, siwadanganyi, ila nililipenda lile jina jinsi mtu anavyopenda koti la kuazima.

Wiki ya sita nikapanda mlima kulitembelea gari.

Dereva hakuwepo. Alishuka mjini kung'oa jino, angerudi baada ya siku mbili. Gari nililikuta nyuma ya zahanati, juu kabisa ya mteremko, pua imeelekea bondeni, mawe mawili yamewekwa kuzuia magurudumu ya mbele. Tope limelipaka hadi vioo.

Nikaona huo ni uzembe. Gari la wagonjwa linaachwa kichakani kama mkokoteni. Mlinzi akanisihi, akasema Dereva aliapiza asiguse mtu. Nikamuuliza kama gari ni la Dereva. Akanipisha, maana jina langu ni Fundi.

Nikaondoa mawe, nikaingia, nikaachia breki. Likateremka lenyewe kimyakimya mpaka uani karibu na bomba la maji, mahali tambarare. Nikaliosha kwa sabuni, nikalifuta mpaka likang'aa. Nikalipiga picha tatu kwa simu nikaliacha palepale, wagonjwa wa kesho wapate kuliona.

Kesho yake saa moja asubuhi walimleta mke wa mwashi. Mimba ilikuwa ya miezi minane na damu zilikuwa zinamtoka kabla ya uchungu. Dada alimpima mara moja tu. Akasema anatakiwa hospitali ya bondeni ndani ya saa moja, apasuliwe.

Waliniangalia mimi. Nikaingia garini, nikageuza ufunguo.

Stata ikazunguka. Moshi mweupe ukatoka nyuma, mwembamba, kama wa jiko la kuni mbichi. Injini haikuwaka. Nikarudia. Nikarudia tena. Kila nikirudia stata ilizidi kuzunguka kivivu, betri inakata roho.

Wanaume wakasukuma. Uwanja ni tambarare na ulikuwa tope, tope nililolitengeneza mwenyewe jana kwa maji ya kuoshea. Nikiachia klachi magurudumu yanaburuzwa tu bila kuzunguka. Walisukuma mpaka mmoja akatapika.

"Achaneni nalo," dada akasema.

Wakambeba na kitanda chake, watu wanane. Mwashi mwenyewe alishika mguu wa mbele wa kitanda. Dada alikwenda pembeni, anakimbia nao, mkono juu ameshika chupa ya maji ya mshipa. Wakapotelea kwenye kona ya njia.

Nilibaki na ufunguo. Niliona kiatu kimoja cha yule mama kimebaki matopeni. Nikakiokota, nikakisafisha, halafu sikujua nikiweke wapi. Nilisimama nacho mpaka jua likapanda. Mtu akiniuliza nilijisikiaje, nitamwambia kiatu kilikuwa cha kulia, cha plastiki, kamba imeunganishwa kwa waya.

Walifika bondeni baada ya saa tatu na nusu. Mtoto alitolewa hai, akawekwa kwenye kisanduku cha joto. Mama alikuwa bado anapumua, lakini hakufumbua macho.

Dereva alirudi siku ya pili, shavu limevimba. Alilizunguka gari, akatazama tope, akatazama alama za magurudumu toka mteremkoni. Akaja kukaa kando yangu kwenye ngazi.

"Nani alilitoa kule juu?"

"Mimi."

Alipapasa shavu lililovimba. Halafu akanieleza, kwa sauti ya chini kwa sababu ya jino. Asubuhi yake ya kwanza na gari lile huku juu, liligoma. Aliwasha mpaka akachoka, akaelewa kuwa tumeuziwa mbuzi kwenye gunia: ringi za pistoni zimelika, injini haibani hewa mpaka ipate moto kwanza. Tangu hapo akawa analilaza mteremkoni. Kila alfajiri, kabla zahanati haijafunguliwa, analiachia literemke, anaingiza gia, likishika analizungusha nusu saa mpaka lipate joto. Kisha anakwenda kumwambia muuguzi kwamba gari liko tayari. Wiki tano, kila siku, mvua na ukungu, na hakumwambia mtu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme kwa nani? Fomu ina sahihi ya dada yako. Dereva anaokotwa hata stendi, kijana. Muuguzi wa kukubali kukaa huku tulimngoja miaka minne."

Nikatazama mikono yangu.

"Nilijiambia hukujua," akasema. "Kijana hukosea, na mimi nilikosea mengi. Hukujua, sivyo?"

Nikageuza uso nikatazama bomba la maji. Akaelewa. Alitema mate yenye damu pembeni ya ngazi, akainuka akifuta suruali.

"Haya," akasema, akaenda zake. Ningependa angenitukana. Tusi ningelijibu kwa ubeti.

Kamati ilikaa kesho yake asubuhi, kwenye chumba cha kungojea, sisi sote juu ya mabenchi ya wagonjwa. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu asiyependa maneno yenye mafuta. Mwashi alikaa benchi la nyuma, saruji imekauka kwenye kucha zake. Alikuwa ametoka bondeni usiku wa kuamkia siku hiyo, na alikuwa anarudi baada ya kikao. Dada alikaa peke yake karibu na dirisha, hajavua sare tangu juzi.

Mwenyekiti aliisoma fomu yote kwa sauti. Akavua miwani. Akasema mambo ni mawili tu. Kama gari lilinunuliwa likiwa zima, basi kuna aliyezembea, atoke mbele. Kama lilinunuliwa likiwa bovu, basi fomu hii ni uongo, na sahihi iliyo chini yake ni ya muuguzi, naye atakwenda nyumbani leo hii hata kama mlima wote utakufa kwa malaria.

Nilikuwa nimejiandaa kusimama. Maneno niliyapanga tangu alfajiri. Miguu haikuinuka, na sikushangaa, miezi ile hakuna kilichokuwa kinanitii isipokuwa mdomo.

Dereva akasimama.

Alisema gari ni zima. Alisema kabla ya kwenda kung'oa jino alilegeza nyaya za betri kuzisafisha, akasahau kuzikaza, na yeye ndiye aliyeliteremsha uani. Kosa ni lake. Alisema yote hayo akitazama ukuta wenye bango la chanjo, kama mtu anayesoma. Mlinzi, ambaye alijua nani aliliteremsha, akafungua mdomo. Dereva akamkata jicho, akaufunga.

Mwenyekiti akamwambia aweke funguo mezani. Akaziweka. Miaka kumi na saba ya udereva iligonga mbao mara moja tu, basi.

"Na wewe," Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe ndiye uliyekagua. Injini ilikuwa baridi au ilikuwa na moto?"

Dada alinitazama. Dereva hakunitazama.

Wasomaji wangu, nilikuwa na neno moja la kweli la kusema, jepesi, la silabi mbili. Nikisema moto, dada anapoteza kazi na Dereva anaonekana mwongo. Nikisema baridi, Dereva anaondoka kama mbwa aliyeiba, na mimi nabaki Fundi. Ningependa kuwaambia kwamba nilimfikiria dada. Nilifikiria jinsi watu wa sokoni watakavyoacha kunisalimia.

"Baridi," nikasema. Sauti ilitoka vizuri, nzito, kama naghani.

Mwenyekiti alianza kuandika. Ndipo mwashi aliponyanyuka kule nyuma. Alikuja mbele polepole, akiomba njia katikati ya magoti ya watu.

"Mimi si mtu wa magari," akasema. "Mimi nikiambiwa ukuta ni mzima, naugonga. Gari liko uani. Betri aliichaji Dereva jana, nyaya amezikaza leo alfajiri, nimemwona. Limelala na baridi usiku kucha. Kama ni zima, litawaka."

Akachukua funguo mezani akaziweka kiganjani mwangu. Vidole vyake vilikuwa vikavu, vimepasuka.

"Kaliwashe, Fundi. Nikirudi kwa mke wangu nimwambie hata akiwa hasikii: gari lilikuwa zima, ni nyaya tu."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anaomba. Alitaka iwe nyaya.

Tukatoka wote. Ukungu ulikuwa bado uko chini, gari linang'aa bado kwa sabuni yangu. Wakasimama nusu duara kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Dereva alisimama mbali, amewapa mgongo, mikono mfukoni, mtu asiye na kazi.

Nikaingia, nikafunga mlango. Kwenye dizeli huwashi palepale. Unageuza ufunguo nusu kwanza, taa ndogo ya manjano inawaka mbele yako, ikikuonyesha plagi zinapasha joto ndani ya injini. Taa ikizimika ndipo unamalizia kugeuza. Nikageuza nusu. Taa ikawaka.

Dada akaja dirishani. Aliinama kana kwamba ananielekeza kitu, mgongo wake ukawaziba wengine.

"Ilikuwa na moto," akasema.

Sikumwelewa.

"Boneti. Niliigusa ulipokuwa juu ya tairi unaghani. Hata mimi ni mtoto wa fundi."

Nikamuuliza kwa nini basi alitia sahihi.

"Miezi mitatu nilikuwa nalisha maiti," akasema. "Siku ile ulipanda juu ya tairi, ukasema, watu wakapiga makofi. Nikasema gari litatengenezwa huko mbele. Mtu hatengenezwi." Alishika ukingo wa dirisha. "Nimemshika mkono yule mama saa tatu na nusu, mdogo wangu. Mumewe ananishukuru. Kila akiniona ananishukuru."

Nyuma yake nilimwona mwashi amekunja mikono kifuani, macho kwenye bomba la moshi, midomo inachezacheza kama anayeomba dua.

"Ukigeuza, liwake lisiwake, mimi sitasema kitu," dada akasema. "Ukishuka, tunakwenda kumwambia mwashi sisi wawili, na kazi iende. Lakini chagua mwenyewe. Safari hii sikuchagulii."

Akaondoka dirishani, akaenda kusimama kando ya mwashi.

Taa ya manjano ikazimika.